Nusu Kikombe cha Lempi

Kwa watu wa Vaaralampi, kijiji cha nchi ya theluji, kukataa kahawa ni kutangaza ugonjwa. Sitanii. Kataa pombe, watasema umeokoka. Kataa nyama, watasema umeshikwa na mambo ya mjini. Lakini weka kiganja juu ya kikombe chako uone: meza nzima itanyamaza, kisha mtu, aghalabu mama mwenye nyumba, atakukazia macho na kukuuliza, "Unaumwa?" Na hapo ndipo penye kazi, kwa maana watu hao hao hawana desturi ya kuumwa. Mtu wa huko anaumwa mara moja tu, siku anayokufa.

Eila Tanskanen alikuwa anaumwa kweli, na swali hilo aliliogopa kuliko ugonjwa wenyewe.

Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na ushei, mfupi, mwenye mikono mipana, anayeishi peke yake kwenye nyumba ya mbao karibu na kanisa. Mume alishakwenda zake zamani, na hakuna aliyemtamani arudi. Mtoto wake, Jarkko, alikuwa akifanya kazi Uswidi na kumpigia simu kila Jumapili. Eila ndiye aliyekuwa mpishi wa shughuli zote za usharika: harusi, vipaimara, ubatizo, na zaidi ya yote, misiba. Wanaume wa pande zile wanakufa kwa moyo kama walivyokufa baba zao. Eila alikuwa amewalisha waombolezaji wengi mno, hata akisikia king'ora cha gari la wagonjwa, kabla hajasikitika alikuwa ameshaanza kuhesabu viazi.

Na mdomo alikuwa nao. Akikoroga nyama ya chungu pale jikoni kwenye ukumbi wa usharika, alikuwa akiwasema marehemu bila haya. "Wajinga wale," alikuwa akisema. "Walisikia kifua kinabana, wakanyamaza. Sasa nani kapata faida? Mimi na viazi vyangu."

Basi, tangu majani yaanze kuanguka, kila alipopanda ngazi za ukumbi na birika kubwa mikononi, kifua kilimbana na taya zikauma, kama mtu aliyefungwa kitambaa kidevuni kwa nguvu. Alikuwa akisimama nusu ya ngazi na kujifanya anatazama nje dirishani. Wenzake walidhani anapenda kutazama theluji. Maumivu yakipita, anaendelea kupanda, na hasemi kitu.

Ilifika siku akaogopa. Akaenda kimyakimya kwenye zahanati ya mji mdogo wa jirani, mahali asipojulikana, na daktari wa pale hakumchekea. Alisema mishipa inayoulisha moyo lazima ipigwe picha huko hospitali ya mjini, ijulikane kama ndani yake kumeganda mafuta. Baadaye muuguzi wa hospitali akampigia simu na kumpa siku.

"Kahawa usiiguse tangu mchana wa siku ya kabla yake," sauti ile ya kwenye simu ilisema. "Moyo ukienda mbio, picha inatikisika, na picha iliyotikisika haitusaidii. Na usije ukiendesha gari mwenyewe, tutakupa dawa ya kutuliza mapigo."

"Ndiyo, ndiyo," Eila alijibu, kana kwamba kaambiwa asile peremende.

Hakumwambia mtu. Jarkko hakuambiwa, wala wale kina mama wa jikoni. Pasaka ilikuwa inakuja, na nyuma yake vipaimara, na kulikuwa na mama mmoja wa kijiji cha pili aliyeinyemelea kazi yake miaka nenda miaka rudi. Halafu, jamani, nani atakula chakula cha mpishi anayekufa? Wahenga walishasema, mficha maradhi kifo humuumbua. Eila methali ya namna hiyo alikuwa nayo kwa lugha yake, na alikuwa akiwapigia wenzake kila msiba.

Siku ya picha ilikuwa Jumatatu. Jumamosi iliyotangulia ilikuwa maziko ya Arvo Kuittinen.

Arvo alikuwa jirani, mume wa Lempi, mtu mrefu mpole ambaye katika maisha yake yote hakupata kugombana hata na mbwa. Alianguka uani kwake, koleo la theluji mkononi. Lempi alimwona kupitia dirisha la jikoni, akadhani kainama kuokota glavu. Siku ya maziko, mjane huyo alikaa mezani mgongo umenyooka, hakudondosha chozi, akawashukuru watu wote mmoja mmoja. Hakuna aliyeshangaa, ndivyo wanavyozika huko.

Wakati wa kuosha vyombo alimjia Eila jikoni. "Jumatatu nakwenda mjini, benki, mambo ya marehemu. Unahitaji kitu?"

Eila alikuwa bado hajapata wa kumpeleka. Basi la kijiji lilishaondolewa, hata watoto wanakwenda shule kwa teksi. "Nichukue," alisema haraka. "Nataka kupima macho. Miwani hii imeshakuwa pambo tu."

"Pitia kwangu asubuhi, basi. Keki zimebaki chungu nzima."

Jumapili Eila alishinda bila kahawa, kichwa kikimgonga, akizunguka nyumba yake kama mtu aliyepoteza funguo. Lakini alishinda. Jumatatu asubuhi alivuka barabara kwenda kwa Lempi akijipongeza moyoni, na alipofungua mlango tu, harufu ikampokea.

Meza ilikuwa imeandaliwa. Keki ya maziko, mkate wa iliki, vikombe viwili vyenye ua la buluu. Kikombe cha Arvo kilikuwa bado kinaning'inia kwenye msumari wake.

"Mimi usinimiminie," Eila alisema akivua kofia. "Nimekwisha kunywa nyumbani."

Hilo si kitu. Kule kukataa mara ya kwanza ni adabu tu, hakuna anayekusikia. Lempi akainua birika. "Na keki ya marehemu utaiteremsha na nini?"

"Na mate yangu. Ninayo mengi."

Lempi hakucheka. Birika lilikuwa hewani, mvuke unatoka, na yeye amemkazia Eila macho hata kupepesa hapepesi. "Eila," alisema polepole. "Unaumwa?"

Wengine huliuliza swali hilo kwa utani. Lempi hakuuliza kwa utani, na Eila akashtuka, akaona amekwishajulikana. Akaona Lempi akipiga simu jioni, na kijiji kizima kikijua kabla ya taarifa ya habari, na yule mama wa kijiji cha pili akifunga aproni.

"Nani, mimi?" alisema na kucheka kicheko kirefu kuliko haja. "Wewe vipi! Haya, mimina. Lakini nusu kikombe tu."

Lempi akashusha pumzi, mabega yakalegea. Akamimina. Sasa nikwambie, nusu kikombe cha Vaaralampi ni kikombe kizima kilichoachiwa nafasi ya maziwa. Na kikiisha, kuna cha pili, kwa kuwa cha kwanza kilikuwa cha kuonja. Eila alivinywa vyote viwili, na, Mungu amsamehe, vilikuwa vitamu.

Njiani theluji ilianza kuanguka kwa wingi. Lempi aliendesha akiwa ameinamia usukani. Eila alikuwa amejishika kifundo cha mkono chini ya glavu, akisikiliza mapigo yake mwenyewe. Yalikuwa yanakwenda kama cherehani. Yatatulia, alijiambia. Vikombe viwili ni nini? Nimekunywa vikombe sita kwa siku maisha yangu yote.

Lempi alimshusha mbele ya duka la miwani. Wakakubaliana wakutane baadaye kwenye mkahawa wa soko. Eila alisubiri gari lipinde kona, kisha akatembea kwenda hospitali.

Mpiga picha wa siku hiyo aliitwa Saija, dada wa makamo mwenye nywele fupi na sauti ya kutuliza. Alimvalisha Eila gauni la hospitali, akamlaza, akamwingiza kijimrija cha plastiki kwenye mshipa wa kiwiko, tayari kwa dawa ya rangi ya kuonyesha mishipa, akambandika nyaya kifuani. Kioo cha mashine kikaonyesha namba ya mapigo.

"Themanini na nane," Saija alisema. "Tunataka chini ya sitini. Kahawa umekunywa, mama?"

"Hapana."

Loo! Uongo mkavu, mbele ya mashine inayohesabu.

Alipewa kidonge, akaambiwa asubiri. Themanini na nne. Akachomwa dawa kupitia ule mrija. Themanini na moja. Saija akapima shinikizo la damu, akakunja uso, akaondoka, akarudi. Nje ya pazia wagonjwa wengine walikuwa wanapita kuingia na kutoka. Eila alilala akitazama dari na kuuomba moyo wake utulie, na kadiri alivyouomba ndivyo ulivyozidi kukimbia.

Saija akavuta kiti, akakaa karibu kabisa. "Mama, nitakuuliza tena, na sikuulizi ili nikugombeze. Chai, kahawa, chokoleti, chochote? Leo asubuhi?"

Hapa ndipo angesema. Nafasi alipewa, kwa upole. Lakini mtu akishasema uongo mara moja, wa pili unajisema wenyewe. "Nimesema hapana. Ni woga tu, binti. Mimi si mtu wa hospitali."

Saija alimtazama kidogo. Kisha akaenda kuzungumza na daktari, na aliporudi alianza kung'oa nyaya. "Dawa hatuwezi kuongeza, shinikizo lako linashuka mno, na mapigo hayatuitikii. Tukikupiga picha hivi tutapata ukungu mtupu. Utaitwa tena. Foleni ni ndefu, nadhani itakuwa baada ya theluji kuyeyuka."

Akachomoa mrija, akaweka pamba na plasta. Na Eila, msinicheke, alifurahi. Alifurahi kama mtoto aliyekuta mlango wa shule umefungwa. Hakujulikana, hakupimwa, hakuambiwa neno la kutisha. Alivaa koti haraka na kutoka.

Furaha hiyo haikumfikisha mbali. Theluji ilikuwa imefika juu ya vifundo, na upepo ulikuwa unampiga usoni. Alipofika kwenye kilima kidogo cha kuelekea sokoni, kile kitambaa kikafungwa tena kidevuni, safari hii kwa nguvu asiyoijua, na mkono wa kushoto ukawa mzito kama umebeba ndoo. Akakumbatia nguzo ya taa. Watu wakapita, wameinamisha vichwa. Hakuna aliyemuuliza kitu, na yeye alishukuru kwamba hawakumuuliza. Maumivu yakakaa, yakakaa, halafu yakaachia.

Lempi alikuwa mezani tayari, pembeni ya dirisha. Alikuwa amekwisha agiza: kahawa mbili, mikate miwili ya iliki. Mkahawa ulikuwa na joto, na Eila alikuwa anatoka jasho baridi, basi akavua koti kabla hajafikiri. Mkono wa blauzi ulikuwa bado umekunjwa.

Lempi aliiona plasta. Akaitazama, akatazama uso wa Eila, akaitazama tena.

"Siku hizi macho yanapimwa kwenye kiwiko?" aliuliza.

"Walitoa damu kidogo. Sukari."

"Duka la miwani limetoa damu."

"Lempi, tunywe kahawa yetu twende, barabara itafungwa."

Lempi akanyoosha mkono, akakisogeza kikombe cha Eila mbali, hadi ukingoni mwa meza. "Plasta kama hiyo naijua," alisema. "Arvo alikuja nayo nyumbani msimu wa vuli, majani yakianguka. Aliniambia kaenda mjini kununua mnyororo wa msumeno. Nikamuuliza mkono una nini, akasema kajikwaruza. Kajikwaruza, na plasta ya hospitali! Na mimi nikamwachia, kwa sababu ndivyo tulivyo, hatuulizani."

Eila akashusha mkono wa blauzi, akaifunika plasta.

"Daktari ndiye aliyekuja kunieleza, Arvo akiwa chumba cha maiti. Alikuwa ameitwa kupigwa picha ya moyo. Wakamrudisha, mapigo yalikuwa juu, alikuwa amekunywa kahawa. Akaambiwa ataitwa tena. Unajua aliwaambia kanywa kiasi gani? Nusu kikombe." Akagonga meza kwa kidole. "Nusu kikombe! Nilimmiminia mimi, Eila. Alikataa, asubuhi ile alikataa, mara mbili, na mimi nikamcheka, nikamwambia, vipi mzee, unaumwa? Akacheka na yeye. Akanyoosha kikombe."

Meza ya jirani walikuwa wamegeuka, na Lempi hakuwajali.

"Leo ulipokataa nilipata baridi mwilini. Nikakuuliza. Nilikuuliza kweli, si kwa mzaha, nilikuuliza kama ambavyo sikumuuliza mume wangu. Na wewe ukanichekea usoni, ukaninywesha mimi uongo na wewe ukanywa kahawa yangu! Sasa niambie. Unaumwa?"

Eila alitazama nje dirishani kama alivyozoea. Theluji ilikuwepo, lakini safari hii haikumficha. "Naumwa," alisema. Neno lilitoka dogo, kama la mtu mwingine. "Tangu vuli. Na sasa hivi, hapo kilimani, nilidhani ndiyo basi."

"Na wamekupiga picha?"

"Wamenirudisha. Niliwadanganya."

Lempi akasimama, akavaa koti. "Inuka."

"Watanicheka."

"Wakucheke. Hata mimi nitakucheka, nikipata nafasi. Inuka, mwenzangu, polepole, unishike hapa. Usibebe kitu."

Kahawa ilibaki mezani, na mikate ya iliki pia, haikuguswa. Kwa mama wawili wa Vaaralampi, hilo lilikuwa tukio.

Saija alikuwa anapanga nyaya walipotokea mlangoni, mmoja kamshika mwenzake kwapani. Eila alikuwa amejiandaa njia nzima namna ya kusema, lakini alipofika maneno yote yalikimbia.

"Nilikudanganya," alisema. "Nilikunywa. Na nimepata maumivu tena, sasa hivi, njiani."

"Ulikunywa kiasi gani?"

"Nusu kiko…"

"Viwili," Lempi alisema. "Vimejaa. Nilimimina mimi."

Saija hakugomba. Alimkalisha, akampima moyo kwa ile mashine ya nyaya, akachukua damu, akamwita daktari. Daktari Rautiainen alikuwa kijana mwembamba aliyeonekana hajalala. Alisoma karatasi, akauliza maumivu yalidumu kiasi gani, yalikwenda wapi, jasho lilitoka au halikutoka. Eila akajibu yote, na kila jibu lilikuwa kama kuvua nguo mbele za watu. Majibu ya damu yakarudi: moyo ulikuwa bado haujaumia.

"Huondoki leo bila picha," daktari alisema.

"Mgonjwa wa mwisho wa leo amepiga simu," Saija alisema. "Barabara ya kwao imezibwa na theluji. Nafasi ni yake huyu, kama mapigo yatashuka. Lakini jioni mashine inazimwa, mama. Sisi hatuna uchawi."

Wakakaa. Sijui kama umewahi kumngojea mtu kwenye kiti cha hospitali huku namba nyekundu zinawaka juu ya kichwa chake. Sabini na sita. Lempi alikuwa hazitazami, anatazama sakafu, kisha anazitazama. Sabini na tatu. Dirishani mwanga ulikuwa umeanza kupungua. Sabini. Sitini na nane. Zikasimama hapo. Saija akachungulia, akaondoka. Akachungulia tena.

"Hazishuki," Eila alisema.

"Usizitazame. Niambie kitu."

"Nikwambie nini?"

"Zile ngazi. Nilikuwa nakuona unasimama pale dirishani kila shughuli. Nilidhani unapenda theluji."

Eila alicheka kidogo, halafu akaanza. Alimweleza ngazi, birika, taya. Alimweleza usiku anaolala ameketi. Alisema anavyomwogopa yule mama wa kijiji cha pili, mambo ya kipuuzi kabisa, na jinsi anavyomwambia Jarkko kila Jumapili kwamba ni mzima kama ng'ombe. Alisema anaogopa kufa. Hilo alilisema mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza alidhani Lempi hakulisikia. Lempi alimshika mkono, na wanawake hao wawili walikuwa majirani miaka thelathini bila kushikana mikono hata siku moja.

"Hamsini na tisa," Saija alisema kutoka mlangoni, kwa sauti ya chini, kama mtu asiyetaka kumwamsha mtoto. "Twende sasa. Sasa hivi."

Alilazwa chali, mikono juu ya kichwa, kitanda kikamwingiza ndani ya ile pete kubwa. Aliambiwa joto litampita mwilini na atahisi kama amejikojolea, asijali. Joto likaja kweli. Sauti ikamwamuru avute pumzi na kuizuia. Aliizuia. Pete ikavuma. Alimfikiria Arvo, aliyelala labda kwenye kitanda hiki hiki na akainuliwa bila hata kuvuta pumzi hiyo.

"Pumua. Tumemaliza."

"Ndiyo hivyo tu?"

"Ndiyo hivyo tu."

Alikaa, akaanza kutafuta viatu. Nyuma ya kioo aliwaona Saija na daktari wameinamia picha. Daktari alionyesha kitu kwa kalamu. Saija akaitikia kwa kichwa, akaja, na sasa sauti yake haikuwa ile ya kutuliza.

"Usivae koti, mama," alisema. "Na usisimame."

Daktari Rautiainen aliigeuza picha ili wote wawili waione. Kwa Eila ulikuwa mzizi tu, wenye matawi, wa kijivu. "Hapa na hapa unaona vidoa vyeupe," alisema daktari. "Ni mafuta ya zamani, yameshakuwa magumu kama chokaa. Hayo nayajua, yanatulia. Ninachokiogopa ni hiki." Kalamu ikasimama karibu kabisa na mwanzo wa tawi kubwa. "Hiki cheusi. Ni mafuta laini, mapya, ndani ya ukuta wa mshipa. Yakipasuka, damu inaganda juu yake na mshipa unaziba palepale. Huu ndio mshipa wa mbele, unalisha sehemu kubwa ya moyo. Njia iliyobaki hapo ni kama uzi."

Eila aliutazama ule uzi. "Nina shughuli ya Pasaka," alisema.

"Hapana."

"Naweza kwenda nyumbani kuchukua nguo?"

"Mama, huendi hata kwenye lifti kwa miguu yako. Unalazwa wodi ya moyo sasa hivi, na kesho asubuhi tunaupanua mshipa, kupitia hapa kifundoni mwa mkono." Akaweka kalamu chini. "Kusubiri theluji iyeyuke… sidhani kama ungeifikia."

Ndipo Lempi alipolia. Yule aliyezika mume wake bila chozi alilia pale chumbani kwa sauti kubwa, mbaya, ameziba uso kwa kofia yake ya sufu. Alikuwa anafurahi, na alikuwa anamlilia Arvo, na yote mawili yalitoka kwa mkupuo. Eila ndiye aliyembembeleza, nyaya zikiwa bado kifuani kwake.

Walimpanua mshipa kesho yake, wakamwekea kijichuma cha wavu cha kuushikilia. Jarkko alikuja kutoka Uswidi akiwa amenuna kwa hofu. Shughuli ya Pasaka aliipika yule mama wa kijiji cha pili, na nyama, kwa kweli, haikuwa mbaya. Eila alikubali hilo mwezi wa sita.

Mwezi huo huo ilikuwepo sherehe ya kutimiza miaka sabini ya mchungaji mstaafu, kwenye ukumbi uleule. Eila alipika. Birika lilipandishwa na wengine, na yeye alipopumzika ngazini alisema wazi, "Napumzika," na watu wakapita. Lempi ndiye aliyekuwa akimimina kahawa. Alizunguka meza moja baada ya nyingine hadi akafika kwa Tauno, mdogo wake Arvo, mtu mrefu mpole kama kaka yake.

Tauno akaweka kiganja juu ya kikombe.

Meza ikanyamaza. Eila alikuwa kwenye mlango wa jikoni na aliona kila kitu. Alimwona Lempi amesimama na birika lake, midomo imefunguka, na swali lile limefika kwenye meno. Alimwona Tauno akiwa mwekundu hadi masikioni, vidole vinaanza kulegea juu ya kikombe, kwa kuwa aibu ilikuwa inamshinda.

Lempi akalitua birika mezani.

"Lini?" aliuliza.

"Kesho," Tauno alisema. "Asubuhi."

"Nitakupeleka mimi," Lempi alisema. Akakichukua kikombe cha Tauno kikiwa kitupu, akakipeleka jikoni, akamwambia Eila amwekee maji.